Chombo Ndani ya Chombo: Gitaa na Safari ya Angani

Kiswahili kina neno moja ambalo limebeba mambo mengi bila ya kulalamika, nalo ni chombo. Mtu wa pwani akisema chombo kimetia nanga, hufahamika kuwa anazungumzia jahazi. Akisema vyombo vimeoshwa, hufahamika kuwa anazungumzia sahani na masufuria. Na akisema vyombo vimeanza kulia, basi kila aliyewahi kukaa katika hadhara ya taarabu atajua kuwa fidla, udi na kanuni zimeamka, na mwimbaji yu karibu kusimama. Kwa hiyo mpiga udi aliyepanda jahazi alikuwa, kwa Kiswahili kilicho sahihi kabisa, ni mtu aliyetia chombo ndani ya chombo.

Makala haya yanahusu chombo cha namna hiyo ndani ya chombo cha zama zetu: gitaa la mbao, lile lisilohitaji umeme ili liseme, ndani ya ndege. Huenda msomaji akaliona jambo hili kuwa dogo, la kushughulisha wasafiri wachache wenye makasha marefu mabegani. Mimi si mpiga gitaa. Kazi yangu ni kutunga na kufasiri mashairi. Lakini kadiri nilivyoifuatilia historia ya gitaa angani ndivyo nilivyozidi kuona kuwa ndani yake mna swali linalotuhusu sote tunaoishi kwa sauti: je, kitu kinachobeba sauti ya mtu ni mzigo kama mizigo mingine? Wahenga walinena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wao walikuwa wakimsema mtu anayeudharau uzito wa jambo lililo begani mwa mwingine. Hawakujua kwamba methali yao ingekuja kuwa muhtasari mzuri wa sheria za usafiri wa ndege.

Chini ya tanga moja

Ala za muziki ni wasafiri wa kale. Udi, ambao jina lake kwa Kiarabu lina maana ya mti au ubao, ulivuka kutoka Mashariki hadi Andalusia, na huko ukaizaa ala ya Ulaya iitwayo lute, ambayo hata jina lake ni hilohilo la udi lililogeuzwa na ndimi za wageni. Mapokeo yanasimulia kuwa mwanamuziki Ziryab aliondoka Baghdad, akapitia Afrika ya Kaskazini, akafika Cordoba mwaka 822, na kwamba yeye ndiye aliyeuongezea udi uzi wa 5. Gitaa lilikulia katika nchi hiyohiyo ya Hispania, likiwa jirani wa udi, na kutoka huko likaenea duniani kwa merikebu.

Kwetu nako mambo yalikwenda hivyo. Inasimuliwa kuwa Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri ili ajifunze kupiga kanuni. Mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa, ambacho kiliagiza ala zake kutoka ng'ambo. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wapigaji wake walivuka Bahari ya Hindi hadi Bombay kwenda kutia nyimbo zao katika santuri za HMV. Safari zote hizo zilikuwa za majini.

Sina nia ya kuipamba bahari. Chumvi hula nyuzi, unyevu huvimbisha mbao, na wimbi halimjui mpiga kanuni wala mchuuzi wa tende. Hata hivyo, katika safari za zamani palikuwa na jambo moja lililo rahisi kusahauliwa: mwenye ala na ala yake walisafiri chini ya tanga moja. Kama mvua ilinyesha, aliiona ikinyesha. Kama kasha lililowa, alijua saa lilipolowa na akatafuta kitambaa. Ndege ndiyo iliyowatenganisha. Ndiyo iliyomweka mtu juu na kitu chake chini, kisha ikampa kipande cha karatasi chenye namba kama ushahidi kuwa kitu hicho ni chake.

Ubao mwembamba

Ili tuone uzito wa utengano huo, ni vyema tukajua gitaa ni kitu gani hasa. Fundi mkubwa wa Kihispania, Antonio de Torres, aliyezaliwa Almería mwaka 1817 na kufariki mwaka 1892, alikuwa na imani kwamba sauti ya gitaa hukaa katika ubao wake wa mbele. Mwaka 1862 aliamua kuuthibitisha ukweli huo kwa namna ambayo mshairi yeyote angeionea wivu: alitengeneza gitaa ambalo ubavu wake na mgongo wake vilikuwa vya karatasi ngumu, na ubao wa mbele tu ndio uliokuwa wa mti mzuri. Gitaa hilo la karatasi lilisema.

Ubao huo wa mbele, ambao aghalabu hukatwa kutoka miti ya jamii ya msonobari, una unene wa milimita 3 hivi, na mara nyingine hupungua hapo. Juu yake, katika gitaa la nyuzi za chuma, kuna nyuzi 6 zinazouvuta kwa nguvu ya takriban kilo 70 hadi 80. Basi tafakari: uzito wa mtu mzima unaning'inia mchana na usiku kwenye ubao mwembamba kuliko ganda la nazi. Mafundi wa Marekani, wakiwemo wa karakana iliyoanzishwa na C. F. Martin, mhamiaji wa Kijerumani aliyefika New York mwaka 1833, waliimarisha ubao huo kwa vipande vya mbao vilivyopishana kwa ndani mithili ya herufi X. Vipande hivyo navyo lazima viwe vyembamba. Fundi akiviongeza unene ili gitaa lisivunjike, gitaa halivunjiki, lakini pia haliimbi.

Hilo ndilo fumbo la ala hii. Udhaifu wake si kasoro iliyomponyoka fundi. Ndio mlango ambao sauti hupitia. Karakana hiyo ya Martin ilipotengeneza gitaa lenye tumbo kubwa mnamo mwaka 1916, iliazima jina la manowari ya Kiingereza Dreadnought ya mwaka 1906, jina lenye maana ya asiyeogopa kitu. Manowari ile ilikuwa ya chuma. Gitaa hili lililorithi jina lake lina uzito wa kilo 2 hivi, na linaogopa karibu kila kitu: jua, baridi, ukavu, na zaidi ya yote mkono wa mtu asiyelijua.

Mizani ya Warsaw

Usafiri wa ndege ulipokuwa ungali mchanga, mataifa yalikutana Warsaw na tarehe 12 Oktoba 1929 yakatia saini mkataba wa kwanza mkubwa uliopanga wajibu wa mchukuzi wa angani kwa abiria na mizigo yao. Mkataba huo ulianza kutumika mwaka 1933. Ndani yake iliandikwa kuwa mzigo uliokabidhiwa kwa shirika ukiharibika, fidia haitapindukia faranga 250 kwa kila kilo. Faranga yenyewe ilifafanuliwa kwa dhahabu: miligramu 65.5 za dhahabu isiyo safi kabisa. Kwa fedha za baadaye kiwango hicho kilikuja kuhesabiwa kuwa takriban dola 20 kwa kilo.

Hapo ndipo gitaa lilipopandishwa kwenye mizani ya muuza saruji. Ukichukua gitaa la kilo 2 ndani ya kasha la kilo 4, sheria iliuona mzigo wa kilo 6, na sehemu kubwa ya thamani yake ilikuwa katika kasha. Kwa hesabu hiyo, gitaa bora zaidi, lile lililochongwa jepesi ili liseme kwa urahisi, ndilo lililokuwa na thamani ndogo zaidi mbele ya sheria. Kanda la usufi lilikuwa limepata wakili.

Lakini mkataba huohuo ulikuwa na kifungu kingine. Kwa vitu ambavyo abiria alibaki navyo mwenyewe, kikomo kilikuwa faranga 5,000 kwa kila abiria, bila ya kutazama kilo. Gitaa la kilo 6 likikabidhiwa lilikuwa na kikomo cha faranga 1,500. Likiwa mkononi, faranga 5,000. Watunga sheria hawakuwa na nia ya kuimba sifa za muziki, lakini walikiri kwa hesabu yao kuwa kile ambacho mtu hakitoi mkononi kina namna nyingine ya thamani.

Kwa muda mrefu suala hili liliwahusu wachache. Mpiga gitaa wa Katanga, Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 akiimba kwa Kiswahili cha kwao, alifika hadi kwenye tamasha la Newport nchini Marekani mwaka 1969. Kwa vidole viwili vya mkono wa kulia na gitaa la mbao, mtu huyo aliwafanya wapigaji wa mabara mengine wakae chini wajifunze. Sanaa ya namna yake haitegemei mitambo ambayo mwenyeji wa tamasha anaweza kuikodisha. Inategemea ala ambayo vidole vimeizoea, na kwa sababu hiyo msanii hawezi kusafiri bila ya ala yake.

Hewa kavu na milango iliyobana

Watu wengi huamini kuwa sehemu ya mizigo katika ndege kubwa za abiria haina hewa, na kwamba gitaa hupasuka kwa sababu hiyo. Sivyo. Shinikizo la hewa chini ni sawa na la juu walikoketi abiria. Maadui wa kweli ni watatu. Wa kwanza ni kutupwa na kulaliwa na masanduku mazito. Wa pili ni jua au baridi ya uwanjani pale mizigo inaposubiri kupakiwa. Wa tatu ni ukavu. Watengenezaji hushauri gitaa likae katika unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Hewa ya ndani ya ndege katika safari ndefu hushuka chini ya asilimia 20. Kwa sisi wa visiwani, ambako unyevu aghalabu hupindukia asilimia 70, hatari ni kubwa zaidi: mbao iliyokunywa hewa ya bahari mwaka mzima hukamuliwa kwa muda wa saa 10, na mti hauna njia ya kulalamika ila kwa kupasuka.

Mwanzoni mwa karne hii milango ilianza kubana. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, kila kasha lenye umbo lisilo la kawaida lilitazamwa kwa jicho la shaka. Tarehe 10 Agosti 2006, baada ya polisi wa Uingereza kutangaza kuwa wamezima njama ya kulipua ndege za kuvuka Atlantiki, mizigo ya mkononi ilipigwa marufuku takriban yote katika viwanja vya nchi hiyo. Wanamuziki waliambiwa watie fidla na magitaa yao tumboni mwa ndege au wabaki. Masharti hayo yalilegezwa kwa ala za muziki mwezi Septemba mwaka huohuo.

Kisha, mwaka 2008, mashirika makubwa ya Marekani, likitangulia American Airlines, yalianza kutoza ada hata kwa sanduku la kwanza la abiria wa kawaida. Matokeo yake yalitabirika: kila mtu alijitahidi kupanda na sanduku lake, na makabati ya juu ya viti yakajaa kabla nusu ya abiria hawajaketi. Gitaa, lenye urefu wa zaidi ya mita 1 wakati mkoba wa kawaida wa mkononi una sentimita 55 hivi, likawa mgeni asiyetakiwa na jirani yeyote.

Wimbo uliogeuka hoja

Katika mwaka huohuo, tarehe 31 Machi 2008, mwimbaji wa Kanada Dave Carroll alisafiri na bendi yake, Sons of Maxwell, kutoka Halifax kwenda Omaha kwa ndege za United Airlines. Walipotua Chicago, abiria mmoja aliyechungulia dirishani alisema kwa mshangao kuwa wachukuzi walikuwa wakirusha magitaa. Gitaa la Carroll, la kampuni ya Taylor, lenye thamani ya dola 3,500, lilikutwa limevunjika, na matengenezo yakagharimu dola 1,200. Alidai fidia kwa miezi 9. Alijibiwa kuwa hakuwasilisha malalamiko ndani ya saa 24, na kwa hiyo hakuwa na haki.

Mtu mwingine angeandika barua ya 10. Carroll aliahidi kutunga nyimbo 3. Wa kwanza, uitwao United Breaks Guitars, aliutoa kwenye mtandao tarehe 6 Julai 2009, na kufikia katikati ya Agosti ulikuwa umetazamwa mara milioni 5. Shirika liliyarudia maneno yake, na kwa ombi lake likatoa dola 3,000 kwa taasisi ya kufundisha muziki wa jazi.

Sisi wa pwani hatuna haja ya kufundishwa nguvu ya jambo hili. Ushairi wetu umekuwa mahakama tangu zamani. Aliyedhulumiwa alikwenda kwa mtunzi, na mtunzi akamfungia madai yake katika vina ili hakimu asiweze kuyasahau. Kilichonivutia katika kisa cha Carroll ni kwamba chombo kilichovunjwa ndicho kilichoshitaki. Gitaa lilikuwa limekataliwa kama mzigo. Likarudi kama shahidi.

Tuwe waadilifu hata hivyo. Wimbo haukuandika sheria. Chama cha wanamuziki wa Marekani na Kanada kilikuwa kimeliomba jambo hili kwa miaka mingi, kikibisha hodi mlango hadi mlango. Tarehe 14 Februari 2012, Rais Barack Obama alitia saini sheria ya usafiri wa anga yenye kifungu kinachotaja fidla na gitaa kwa majina. Mashirika ya Marekani yanatakiwa kumruhusu abiria kuingia na ala yake bila ya ada ya ziada, maadamu inaenea kwa usalama katika kabati la juu au chini ya kiti, na maadamu nafasi ipo wakati anapopanda. Ala kubwa inaweza kununuliwa kiti, kama haipindukii ratili 165, yaani kilo 75. Kanuni za utekelezaji zilichukua miaka 3 na zikaanza kutumika tarehe 6 Machi 2015. Zinasema pia kuwa ala ikishawekwa kabatini kwa haki, haitolewi ili kumpisha sanduku la aliyechelewa. Kanada nayo, nchi ya Carroll, iliyataka mashirika yake kuanzia Julai 2019 yaweke bayana masharti yao kuhusu ala za muziki.

Mizani ya Warsaw nayo ilikuwa imepata mrithi. Mkataba wa Montreal, uliotiwa saini mwaka 1999 na kuanza kutumika mwaka 2003, uliacha kupima mizigo ya abiria kwa kilo, ukaweka kikomo kimoja kwa kila msafiri. Kenya na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizojiunga nao. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 kikomo hicho ni vipimo 1,519 vya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa, takriban dola 2,000. Abiria ambaye mzigo wake umeharibika ana siku 7 za kulalamika kwa maandishi. Na mwenye kitu cha thamani zaidi anaweza kuitamka thamani hiyo anapokikabidhi, akalipa nyongeza, na kikomo kikapanda. Hayo ni maendeleo makubwa: sheria imekubali kusikiliza mtu akisema kitu chake kina thamani gani.

Mpingo na forodha

Juu ya hatari ya kuvunjika, iko hatari ya kuzuiwa, na hapa habari inafika hadi misituni kwetu. Migongo na shingo za magitaa mengi hutumia miti migumu ya jamii iitwayo Dalbergia. Mti mmoja wa jamii hiyo kutoka Brazili, uliopendwa mno na mafundi, uliwekwa mwaka 1992 katika daraja la ulinzi mkali kabisa la mkataba wa kimataifa wa CITES, unaodhibiti biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Tarehe 2 Januari 2017 takriban jamii nzima iliyobaki ikawekwa chini ya udhibiti, na pamoja nayo mpingo wetu wa Kilwa na Lindi, ambao ndio roho ya zumari za Ulaya zinazopigwa katika okestra.

Nia ilikuwa njema, kwani miti hiyo ilikuwa ikikatwa kwa fujo. Lakini kwa karibu miaka 3 ala nyingi zilikwama kwenye karatasi: aliyetaka kuuza au kutuma gitaa nje ya mpaka alihitaji kibali kwa ajili ya kipande cha mti kisichozidi kiganja. Tarehe 26 Novemba 2019 ala zilizokwisha tengenezwa zilitolewa katika masharti hayo, isipokuwa zile za mti wa Brazili uliotajwa, ambazo zingali zinahitaji hati. Msafiri mwenye gitaa la kale na aulize limetengenezwa kwa mti gani kabla hajaulizwa na mwenye mhuri.

Tunaijua forodha sisi. Chuo cha muziki cha Zanzibar kinachojulikana kwa jina la Nchi za Jahazi, kilichofungua milango mwaka 2002, kwa miaka mingi kilifundisha udi, kanuni na gitaa ndani ya jengo la forodha ya zamani katika Mji Mkongwe. Palepale mizigo ilipokuwa ikikaguliwa, vijana walifunzwa kutega sikio.

Kora iliyofunguliwa

Mtu anaweza kudhani, baada ya sheria hizi zote, kwamba habari imekwisha kwa heri. Mwezi Februari 2020, Ballaké Sissoko, bingwa wa kora kutoka Mali, aliruka kutoka New York kurudi Paris baada ya ziara na wenzake wa Moroko na Madagaska. Alipofungua kasha lake aliikuta kora, iliyotengenezwa maalumu kwa ajili yake, imetenganishwa vipande vipande: shingo imetolewa, nyuzi zake 21 zimeachiwa, daraja lake limeondoshwa. Ndani ya kasha mlikuwa na karatasi ya wakaguzi wa usalama wa Marekani. Idara hiyo ilikana na kusema haikulifungua kasha hilo. Haikupatikana kauli moja juu ya nani aliyefanya, na ala haikurudi kuwa kama ilivyokuwa.

Nimeileta habari ya kora katika makala ya gitaa kwa sababu maalumu. Sheria ya mwaka 2012 inataja fidla, inataja gitaa, kisha inasema na ala nyingine ya muziki. Katika hayo maneno ya mwisho ndimo wanamoishi kora, udi, kanuni, zeze na marimba. Mkaguzi aliyekulia kuona magitaa anajua gitaa ni nini. Hata akilitendea vibaya, anajua ametendea vibaya kitu gani. Mbele ya kibuyu kikubwa kilichowambwa ngozi anaona kitu cha kushukiwa. Gitaa limekwisha pata jina katika sheria. Ala zetu bado zimo katika na nyinginezo.

Na hata gitaa lenyewe halina bahati sawa kila mahali. Anayesafiri kwa ndege ndogo baina ya visiwa vyetu na bara anapewa aghalabu kilo 15, na mlango wa mizigo usiozidi dirisha la nyumba. Nimemwona kijana akiwa na gitaa katika kitambaa chembamba, akimwomba mpakizi aliweke juu ya mizigo na si chini yake. Mpakizi alikubali, kwa ihsani tu. Hapakuwa na maandishi yoyote ya kumwongoza. Ihsani ni jambo zuri, lakini sanaa haiwezi kupangiwa safari kwa kutegemea hali ya moyo wa mpakizi asubuhi hiyo.

Yaliyo mikononi mwetu

Wenye ujuzi wanashauri mambo ambayo yanafaa kuandikwa hapa kwa faida ya msomaji mwenye gitaa, au mwenye mwana aliye nalo. Nyuzi zilegezwe kidogo, zisifunguliwe kabisa. Shingo na kichwa viwekewe nguo chini na pembeni visicheze, kwani magitaa mengi huvunjika pale kichwa kinapoinama, hata kasha lisipopata alama. Kasha liwe gumu. Kitu kizito kisitiwe ndani yake. Picha zipigwe kabla ya kukabidhi. Mtu akifika, alifungue kasha palepale uwanjani atazame kama kuna mvunjiko, alifunge tena, kisha aliache kwa saa kadhaa mpaka mbao izoee hewa ya mahali. Pakiwa na mvunjiko, aandike. Siku 7 si nyingi.

Katika shauri la kulegeza nyuzi nimeiona kazi yangu mwenyewe. Mfasiri naye, anapolivusha shairi kutoka lugha moja hadi nyingine, hulegeza mizani kidogo ili shingo isivunjike, na akifika ng'ambo hukaza upya, akitega sikio. Akiacha kila kitu kimekazwa, shairi hupasuka njiani. Akifungua kila kitu, hufika na ubao tu.

Hata hivyo hadhari ya mwenye ala haitoshi peke yake. Visiwa vyetu vina tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004 na kuwaleta wapigaji kutoka pande nyingi za Afrika. Vina vikundi vya taarabu vinavyoalikwa Ulaya na Arabuni. Ingefaa vyama vya wasanii na wenye mashirika ya ndege wa eneo hili wakae pamoja, waandike ukurasa mmoja tu unaotaja gitaa, udi, kanuni, fidla na zeze kwa majina yake, na kueleza kila moja inabebwaje. Wanamuziki wa Marekani waliomba kwa miaka mingi kabla ya kusikilizwa. Nasi tukianza leo hatutakuwa tumewahi.

Liko gitaa moja la mbao ambalo limesafiri juu kuliko yote. Lilitengenezwa Kanada na kampuni ya Larrivée, umbo lake dogo, na lilipelekwa kwenye kituo cha kimataifa cha anga za juu mwaka 2001. Mwaka 2013 mwanaanga Chris Hadfield alilipiga huko, kiasi cha kilomita 400 juu ya ardhi, na dunia ikamtazama. Huko gitaa huelea. Mpigaji asipolizuia humtoka. Mizani ya Warsaw ingelipima, ingesoma sifuri. Nalo lililipiwa safari iliyo ghali kuliko zote, kwa sababu watu wanaokaa miezi mingi mbali na nyumbani wanahitaji kitu cha kuwaliwaza, na waliowatuma waliliona hilo bila ya kuuliza kilo.

Kwa hiyo lile swali tulilolianza lina jibu lake. Mzigo ni kile ambacho, kikipotea, mtu hulipwa kingine akaendelea na safari. Ala aliyoizoea mpigaji kwa miaka 20 haina kingine. Anayeipokea mlangoni mwa ndege anapokea sauti ya mtu, na inampasa aishike kwa mikono miwili.